Kirungu: mashini gani ya kukata majani inafaa trakta ya zamani?

MOBA, TANGANYIKA – Mvua zinapokatika kwenye milima ya Marungu, mnamo Aprili na Mei, majani yanakuwa marefu kumpita mtu. Kiangazi kikikolea yamekauka, moto unapita, na ng'ombe wanatembea mbali kutafuta chakula. Mfugaji aliyekata majani mapema na kuyatunza anavuka miezi hiyo bila kuuza mnyama kwa bei ya hasara. Kwa mwenye trakta ya zamani linabaki swali moja: afunge mashini gani nyuma yake?

Kirungu, misioni ambayo Mapadri Weupe walianzisha mwaka 1893 na kuiita Baudouinville, iko juu ya bandari ya Moba. Mizigo mingi mizito inapita ziwani, inashushwa Moba, kisha inapanda mlima. Kurudisha mashini isiyofaa ni kulipa safari hiyo mara ya pili, kama muuzaji atakubali kuipokea.

Jambo la kwanza ni kazi yenyewe. Mashini ya visu vya kuzunguka chini ya sahani ya chuma, ile inayoonekana sana, inasafisha kichaka na kando ya barabara. Lakini inakatakata majani vipande vipande, na kuvikusanya kwa ajili ya ng'ombe ni taabu. Anayetaka majani ya kutunza atafute mashini yenye ngoma mbili za kuzunguka, au ile ya meno yanayokwenda na kurudi kama mkasi. Hiyo ya meno haidai nguvu nyingi, hata trakta ndogo inaivuta. Adui yake ni mawe na vichuguu: meno yanavunjika, na mapiesi hayapatikani kila duka.

Jambo la pili ni nguvu, na hapa watu wa mlimani wanadanganywa na karatasi. Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1960, ina nguvu za farasi 45 hivi. Hesabu hiyo si ya Marungu. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwenye mita 2000, zile 45 zinabaki kama 36. Kwa trakta hiyo mashini ya visu yenye upana wa mita 1.5 inatosha. Ya mita 1.8 itakata majani membamba vizuri, halafu itazima injini kichakani. Ferguson ndogo za kabla yake, ambazo hazifikishi farasi 30, zisipewe zaidi ya mita 1.2.

Hatari kubwa imejificha kwenye ambreyaji. Kwenye trakta nyingi za zamani, shafti ya nyuma inayozungusha mashini na magurudumu vinategemea ambreyaji moja. Dereva akikanyaga pedali ili asimame, visu vizito vinaendelea kuzunguka, na mzunguko wao unarudi kwenye giaboksi na kuisukuma trakta mbele. Kwenye mteremko, au mbele ya korongo, dereva amekanyaga pedali mpaka mwisho na trakta bado inakwenda.

Kujua ni rahisi. Kwenye uwanja tambarare, bila mashini nyuma, trakta itembee polepole huku shafti ikizunguka, na msaidizi aangalie kutoka mbali. Pedali ikikanyagwa nusu, trakta ikasimama na shafti ikaendelea, ambreyaji ni ya hatua mbili. Vikisimama vyote pamoja, kinahitajika kiungo kinachoshika upande mmoja tu, kama gurudumu la nyuma la baiskeli mtu anapoacha kupiga pedali. Kinafungwa kwenye shafti ya trakta kabla ya kardani. Kinaongeza urefu, kwa hiyo pengine kardani itakatwa kidogo; asiyepima ataona ikigota na kupasua giaboksi siku ya kwanza anapoinua mashini.

Kardani hiyo kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Kitenge au mkono wa koti ukikamatwa, hakuna muda wa kupiga kelele. Mashini za mtumba mara nyingi zinauzwa bila kifuniko cha plastiki cha kardani. Bei ya kifuniko ihesabiwe ndani ya bei ya mashini, na mpaka kipatikane, mashini isubiri. Minyororo ya mbele na nyuma inayozuia mawe kuruka nayo ni hivyo hivyo, hasa pale watoto wanapochunga karibu.

Mbele ya kulipa, mnunuzi afungue giaboksi ya mashini aangalie mafuta: yenye maji yanaonekana meupe kama maziwa. Atikise shafti inayobeba visu. Ikicheza, beringi zimekwisha. Aangalie pia buloni laini ya kardani, ile iliyowekwa ivunjike visu vinapogonga kisiki. Kama mwenyeji wa kwanza ameweka buloni ngumu au ameichomelea, kisiki kinachofuata kitavunja giaboksi.

Na mashini ikishafungwa, magurudumu ya mbele yakawa mepesi kwenye mlima, usukani haushiki tena. Uzito wa chuma mbele ya trakta unarekebisha hilo, na fundi wa chuma anaweza kuutengeneza hapo hapo Kirungu.