Maji Matamu Chini ya Mchanga wa Unguja

Anayevuka kwenda Unguja kupumzika huambiwa asitupe chupa za plastiki ufukweni, na ni haki aambiwe. Lakini mzigo mkubwa anaouachia kisiwa hauonekani ufukweni. Uko ardhini, kwenye maji anayooga.

Sehemu kubwa ya Unguja hutegemea mvua iliyozama chini na kutuama ndani ya mawe ya matumbawe yaliyojaa matundu. Maji hayo matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa. Wataalamu hukadiria hivi: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na mita 40 hivi zilizo chini yake. Pampu zikishusha hiyo mita 1 ya juu, chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi kama hicho cha mita 40. Katika vijiji vya maweni vya mashariki tabaka la maji matamu ni jembamba, na kisima kikishaingia chumvi huchukua muda mrefu kupona. Hoteli inaweza kuchimba kisima kingine mbali na pwani au kuagiza boza. Mama wa kijijini hana pa kwenda. Anaendelea kuteka palepale.

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wake kuhusu pwani hiyo ya mashariki. Alikuta mgeni mmoja akitumia wastani wa lita 685 kwa siku, takriban mara 15 ya mwenyeji. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la kumwagilia bustani. Ndiyo maana kile kikaratasi cha chumbani kinachomwomba mgeni atumie taulo lake siku mbili hakinitoshi, ikiwa nje ukoka unanyweshwa mchana kutwa. Tena wageni hujaa wakati wa kipupwe na wakati wa kaskazi, baada ya masika na vuli kupita, yaani mvua inapokuwa haba.

Kwa hiyo uliza kabla hujalipa: maji yenu yanatoka wapi, na maji machafu yanakwenda wapi? Swali la pili ni zito sawa na la kwanza. Mawe yenye matundu hayachuji vizuri, hivyo uchafu wa shimo lililojengwa ovyo hufika haraka kisimani na baharini, ukarutubisha miani inayosonga matumbawe. Pale Chumbe, kisiwa ambacho hifadhi yake ya bahari ilitangazwa mwaka 1994, mvua inayoangukia mapaa huchujwa na kuhifadhiwa kwenye matangi chini ya nyumba, na vyoo ni vya mboji, havimwagi maji kabisa. Vyumba ni vichache, lakini vinathibitisha kwamba inawezekana.

Baharini mambo ni mepesi kueleza. Usisimame juu ya matumbawe, na usimtoe kiti cha pweza majini kwa ajili ya picha. Mwombe nahodha afunge chombo kwenye boya badala ya kutupa nanga mwambani. Ukienda kijiji cha Kizimkazi kutazama pomboo, mwambie nahodha kabla hamjang'oa nanga kwamba hutaki wafukuzwe, na kwamba utamlipa nauli yake yote hata wakionekana kwa mbali tu. Manahodha wengi hukimbiza kwa kuhofia abiria atarudi akinung'unika.