Je, Wajua? F# Tayari Imo Kwenye Kompyuta Yako

Je, wajua kwamba ukishasakinisha .NET SDK umeshaipata lugha ya F#, hata kama hukuifuata? Kifurushi hicho cha Microsoft kina C#, Visual Basic na F# kwa pamoja, na kinafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux.

F# ni lugha ya programu inayotanguliza fanksheni. Ilibuniwa na Don Syme katika maabara ya utafiti ya Microsoft mjini Cambridge, Uingereza, ikatoka mwaka 2005 ikiwa na damu ya lugha ya OCaml.

Fungua terminali, andika dotnet --version. Ikikujibu namba, uko tayari. Sasa andika dotnet fsi, halafu 2 + 2;; na jibu litatoka papo hapo pamoja na aina yake: val it: int = 4. Usisahau nukta-mkato mbili za mwisho, kwani bila hizo programu itaendelea kukungoja tu.

Kisha jaribu let bei = 500;; na baada yake bei <- 600;; uone itakavyokataa. Thamani ikishapewa jina haibadiliki, isipokuwa umeitangaza tangu mwanzo kwa neno mutable. Kwangu mimi huu ndio utamu wenyewe wa F#: hakuna kona nyingine ya programu itakayoigeuza bei hiyo kisirisiri, na makosa mengi ya usiku wa manane hayapati pa kuzaliwa.

Ukitaka mradi kamili, rudi kwenye terminali uandike dotnet new console -lang "F#", kisha dotnet run.