Ada za Kaunti: Gharama Inayosahaulika Ukijenga Matisi

Muulize mtu anayejenga Matisi nyumba itamla pesa ngapi. Atakuhesabia matofali, simiti, mabati na fundi. Ada za kaunti hazimo kwenye hesabu. Wengi huzikumbuka siku ile wanakuta X nyekundu imechorwa ukutani.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inasema huwezi kujenga bila kibali cha kaunti. Ukipuuza, faini inaweza kufika shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Sheria hiyo hiyo inairuhusu kaunti kumtoza anayeomba kibali ada ya maendeleo. Viwango huwekwa na Sheria ya Fedha ya kaunti na hubadilika, kwa hivyo usitegemee bei aliyolipa jirani miaka mitatu iliyopita. Na kama ploti yako ilikatwa kutoka shamba na hati bado inasema ni ardhi ya kilimo, kubadilisha matumizi ni ombi lingine, na lina ada yake.

Sasa hiyo pesa huenda wapi? Marekani, ada za aina hii hutengwa kwa barabara, maji na mabomba ya majitaka yatakayohitajika nyumba mpya zikiongezeka. Kwetu, Katiba inaelekeza mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, mfuko mmoja wa kaunti nzima. Kulipa si ahadi ya barabara hadi mlangoni. Shimo la choo na tangi la maji bado ni juu yako. Hapo ndipo watu huona uchungu, na hatuwalaumu.

Tuchukue mfano tu. Unajenga vyumba sita vya kupangisha, kila kimoja 2,500 kwa mwezi. Ikiwa ramani, ada na vibali vitakula 60,000, hiyo ni kodi ya miezi minne ya nyumba iliyojaa. Shida kubwa ni kwamba pesa hii inatakiwa mwanzoni, kabla hata ya msingi kuchimbwa. Anza kuiweka kando kwenye simu mapema, mbali na ile ya simiti.

Ukifika siku ya kulipa, usimtumie mtu yeyote kwa namba yake binafsi, hata akisema ni wa ofisi na atakuharakishia. Omba bili yenye namba ya kumbukumbu, lipa kwa namba rasmi ya kaunti, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ujumbe wa malipo usiufute.

Ombi lako nalo ligongwe muhuri wenye tarehe, ubaki na nakala. Sheria inasema usipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinachukuliwa kuwa kimetolewa. Bila ile tarehe, utaanzaje kuhesabu?