Mtoto Tumboni Anapoulinda Ubongo Wake



Mama mjamzito akiambiwa kliniki kwamba tumbo ni dogo kuliko umri wa mimba, jamaa humtuliza kwamba ukoo wao huzaa watoto wadogo. Pengine ni kweli. Lakini pengine kondo la nyuma limeshindwa kumpatia mtoto chakula na oksijeni ya kutosha. Hali hii huwapata hasa akina mama wenye shinikizo kubwa la damu.

Mtoto anayepungukiwa hivyo hufanya jambo la ajabu. Mishipa ya ubongo wake hutanuka, na damu nyingi zaidi huelekezwa kwenye ubongo na moyo. Figo na utumbo hupata kidogo. Ni kama familia wakati wa njaa: kilichopo hupewa kwanza aliye mdogo. Kwa hiyo damu kuongezeka kwenye ubongo si habari njema. Ni dalili kwamba mtoto yumo taabuni, na kinga hiyo haidumu.

Je, daktari hujuaje? Hutumia kipimo cha Dopla, ambacho ni sehemu ya altrasaundi. Jina hilo ni la Christian Doppler, mwanasayansi wa Austria, aliyeeleza mwaka 1842 jinsi mawimbi yanavyobadilika chanzo chake kinapokwenda. Wewe mwenyewe umesikia mlio wa honi ukibadilika gari linapokupita. Mashine hutuma mawimbi ya sauti tusiyoisikia. Yakigonga chembe za damu inayokimbia, hurudi yamebadilika, na hivyo mwendo wa damu hujulikana. Daktari hulinganisha mshipa mmoja wa ubongo na ule wa kitovu. Damu ya ubongoni ikikimbia kwa kasi mno, huenda mtoto ana upungufu wa damu, kwa mfano mama akiwa Rhesus hasi na mtoto Rhesus chanya.

Kipimo hiki hakiumi wala hakitumii eksirei. Si kila mjamzito anakihitaji. Kwa mwenye matatizo, humsaidia daktari kuamua kama mtoto aendelee kungoja au azaliwe mapema.

Akina baba, mama akiandikiwa kwenda hospitali kubwa, msiahirishe safari. Akina mama, mtoto akipunguza kucheza, nendeni siku hiyo hiyo. Dalili ya mvua ni mawingu, na uhai huo Mungu ameukabidhi mikononi mwetu.