Taimingi ya mota: kasi inayolipwa kwa joto



Fundi wa pawatila wa Rujewa hahitaji kufundishwa neno taimingi. Msimu wa kulima majaruba ukianza huko Usangu, injini za dizeli za silinda moja hufika kwake mfululizo, hii inatoa moshi, ile inagonga, nyingine imekosa nguvu ya kuvuta tope. Fundi anafungua pampu ya dizeli, anatazama gasketi nyembamba zilizo chini yake, anatoa moja au anaongeza moja. Akitoa, dizeli inawahi kuingia kwenye silinda. Akiongeza, inachelewa. Injini nyingi za aina hiyo hutaka dizeli ipulizwe pistoni ikiwa bado njiani kwenda juu, nyuzi 15 hadi 20 hivi za mzunguko wa shafti kabla ya kufika, kwa sababu moto nao unataka muda wa kushika. Ikiwahi mno, injini inagonga mpaka inajiumiza yenyewe.

Leo nataka kuzungumzia jambo ambalo hata mafundi wazuri husitasita kuliamini wakiambiwa mara ya kwanza: mota ya umeme nayo ina taimingi. Hakuna moto wa kuwasha, hakuna dizeli, lakini nyuzi zipo, na ukizikosea utalipa. Na watu walioichunguza taimingi hiyo kwa uchu mkubwa ni wale wanaoshindanisha magari madogo ya rimoti, vitu ambavyo kwetu mtu mzima akionekana navyo ataulizwa kama amemchukulia mwanawe.

Msikilizaji usiondoke. Midoli hii inatuhusu, kwa sababu pikipiki za umeme zinakuja. Kigali zimekuwa zikibeba abiria tangu mwaka 2019. Nairobi na Kampala zipo, na Dar es Salaam zimekwisha kuonekana barabarani pamoja na bajaji zake. Ukiifungua pikipiki ya namna hiyo utakuta mambo matatu yale yale yaliyo ndani ya kigari cha mashindano: betri, mota yenye nyaya nene tatu, na kati yao kisanduku ambacho mafundi wanakiita kontrola. Siku kijana wa bodaboda atakapoileta kijiweni na kusema, "Fundi, niongezee spidi kidogo," fundi wetu atatoa gasketi gani?

Tuanze na kontrola. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kigari cha Porsche 934, ukubwa wake sehemu moja ya kumi na mbili ya gari lenyewe, na mchezo huu ukapata wapenzi wengi kuliko hapo awali. Mwaka 1985 vigari vya umeme vya kukimbia kwenye vumbi, vya ukubwa wa sehemu moja ya kumi, vilipata mashindano yao ya kwanza ya dunia huko Del Mar, California. Katika vigari vya mwanzo mwendo ulipunguzwa kwa kuupitisha umeme kwenye waya wenye ukinzani. Umeme usiotakiwa uligeuka joto, bila faida kwa mtu yeyote. Betri ilikuwa inapika waya.

Kontrola ya elektroniki ilikuja na werevu mwingine, na mkulima wa Mbarali ataulewa upesi kuliko mhandisi wa mjini. Ukitaka shamba lipate nusu ya maji ya mfereji, si lazima uzibe mlango nusu. Unaweza kuufungua wote kwa nusu ya muda, kisha ukaufunga wote. Kontrola hufanya hivyo hivyo kwa kutumia transista. Hufungua umeme wote, hufunga wote, maelfu ya mara katika sekunde moja. Mota haihisi kukatika kokote. Inahisi wastani tu. Joto linalopotea ni dogo sana, kwa kuwa mlango hauachwi nusu wazi.

Sasa mota yenyewe. Ile ya zamani ina kaboni, kama stata ya gari. Kaboni zinagusa shaba inayozunguka na kubadilisha njia ya umeme ili sumaku ziendelee kuvutana na kusukumana. Wenye vigari waligundua kwamba ukilegeza kifuniko cha nyuma kinachoshika kaboni na kukizungusha nyuzi chache kinyume na mota inavyozunguka, kigari kinaongeza kasi. Hiyo ndiyo ilikuwa gasketi yao. Mota isiyo na kaboni ilielezwa na wahandisi wawili wa Kimarekani, Wilson na Trickey, mwaka 1962, ikachukua miaka mingi kufika kwenye mashindano haya. Ilienea baada ya mwaka 2000. Humo sumaku ndiyo inayozunguka, nyaya za shaba zimetulia pembeni, na kontrola inauliza kila wakati sumaku imefika wapi, kisha inaamua ni waya upi upewe umeme.

Kwa nini uamuzi huo uwahi? Chukua mota ya kigari inayozunguka mara 30,000 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 500 kila sekunde, na katika kila mzunguko kontrola hubadilisha njia ya umeme mara sita. Kila zamu inapewa sehemu moja ya 3,000 ya sekunde. Waya uliosokotwa haujai umeme papo hapo. Una uzito wake, kama mfereji mrefu ambao ukifunguliwa maji hayafiki mwisho dakika ile ile. Ukisubiri mpaka sumaku iwe mahali pake ndipo ufungue, nguvu inafika sumaku ikiwa imekwisha kupita. Kwa hiyo unafungua mapema kidogo.

Kuna sababu ya pili, nayo ndiyo yenye hila. Wenye umri wangu wanakumbuka dainamo ya baiskeli, ile inayosugua tairi na kuwasha taa. Kila mota inayozunguka ni dainamo pia. Inazalisha umeme wake unaorudi kuupinga ule wa betri, na kadiri inavyokwenda kasi ndivyo upinzani unavyokua, mpaka betri inashindwa kusukuma zaidi. Hapo ndipo mwisho wa kasi. Ukiwahisha taimingi, sehemu ya umeme unaoingia hutumika kuidhoofisha sumaku, upinzani unapungua, na mota inapata nafasi ya kukimbia zaidi.

Lakini umeme uliokwenda kudhoofisha sumaku haukwenda kusukuma gurudumu. Umetoka betri, umepita kwenye shaba, umeacha joto lake humo, basi. Na joto la kwenye waya haliongezeki sawa na umeme. Umeme ukiongezeka kutoka ampia 40 hadi 60, yaani mara moja na nusu, joto linakuwa zaidi ya mara mbili. Shaba ikipata moto ukinzani wake nao unapanda, ikazidi kupata moto. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zikivuka nyuzi 80 za Selsiasi huanza kupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi mota ikipoa. Mwenye mota iliyodhoofika huona imepungua nguvu za kuvuta, akaongeza taimingi tena.

Washindani wa vigari wamelizoea deni hili. Wakiongeza nyuzi za taimingi hubadili na gia: huchukua pinioni yenye meno machache zaidi ili mota isibebe mzigo mkubwa. Wanakimbia dakika tano, muda wa mbio zao za kawaida, kisha kabla hawajashika kitu kingine wanapima joto la mota. Jino moja, pima. Nyuzi chache, pima. Kontrola zao za kisasa hazitoi taimingi yote tangu mwanzo. Mota ikiwa inaanza kuondoka hazitoi kabisa, kwa sababu huko waya una muda wa kutosha wa kujaa na upinzani wa dainamo ni mdogo. Zinaongeza kidogo kidogo kasi inavyopanda.

Na katika madaraja ya wenye mota za kawaida, waandaaji wengi katika miaka ya 2010 walikataza kontrola kuongeza nyuzi zozote. Waliona fedha zinashinda mbio kuliko mikono. Kontrola ikiwekwa sifuri, taa yake ndogo humeta, na mkaguzi anaiona bila kufungua hata skrubu. Nimeipenda sheria hiyo. Ningefurahi kuona kitaa cha namna hiyo kwenye vyombo vyetu vya abiria.

Turudi kijiweni. Ukimkabidhi fundi pikipiki ya umeme aiongezee spidi, mara nyingi atakuta jambo hilo liko kwenye programu, analifikia kwa simu au kompyuta, na namba inapanda kwa kubonyeza tu. Haichafui mikono kama pampu ya dizeli, na hiyo ndiyo hatari yake, maana injini ya dizeli iliyowahishwa mno inagonga na mtaa mzima unasikia. Mota iliyowahishwa mno iko kimya. Dereva anafurahi kwenye tambarare ya Usangu. Siku anapopata abiria wawili na gunia wa kupandisha kutoka Chimala kuelekea Matamba, mwendo ni mdogo, mzigo ni mkubwa, upepo wa kupooza mota ni hafifu, na kontrola ambayo nyuzi zake zimeongezwa tangu chini inachoma umeme bila kuusukuma mlima.

Kuna na hili. Pikipiki ikiwa inakimbia kuliko kasi yake ya asili kwa msaada wa taimingi, kisha kontrola ikazima ghafla, ile dainamo tuliyoizungumzia inabaki bila wa kuizuia. Umeme wake unazidi ule wa betri na kurudi nyuma kwa nguvu. Unaweza kuunguza transista, na gurudumu linaweza kukazwa kama lililopigwa breki huku abiria yuko nyuma.

Sisemi mafundi wasiguse. Watengenezaji wenyewe huwahisha, wakijua shaba yao ni nene kiasi gani na sumaku yao ni ya daraja gani. Anayetaka kuongeza aandike kwanza namba alizozikuta, aongeze kidogo, ampe dereva njia ile ile yenye mlima na mzigo ule ule, halafu apime. Vipimajoto vya kuelekeza tu, visivyohitaji kugusa, vilienea sana wakati wa ugonjwa wa korona mwaka 2020. Vile vya paji la uso havifai kwa kazi hii, vinaishia kwenye joto la mwili wa mtu. Fundi anunue cha mafundi, kinachovuka nyuzi 100, na akumbuke kwamba ganda la nje la mota huwa na joto dogo kuliko shaba iliyo ndani.