Kigari cha Mbao na Mteremko wa Uvira

Mji wa Uvira umekaa katika ukanda mwembamba baina ya maji na mlima. Mashariki yake ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Magharibi yake ni safu ya Mitumba. Na mito kama Kalimabenge na Mulongwe, iporomokayo kutoka huko juu, hupita baina ya nyumba za watu ikielekea ziwani. Kijana wa Kilibula, au wa mtaa mwingine wa mji huu, akiupa mlima uso wake hana budi kupanda. Na mtu aliyekwisha kupanda, maadamu ni kijana, hakosi kuwaza namna ya kushuka bila ya kutembea. Wazo hilo ndilo asili ya kigari cha mbao: ubao wa kukalia, mihimili miwili, magurudumu manne, usukani wa kamba, na uzito wa mwili badala ya injini.

Katika nchi ya Kivu wazo hilo limekwisha kuzaa chombo cha kazi. Chukudu, ambacho kimeshika njia za Goma, Rutshuru na Masisi tangu miaka ya 1970, ni mfano wa baiskeli isiyo na kanyagio wala mnyororo: fremu nzito ya mti mgumu, aghalabu mkaratusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na usukani mpana wa kushikwa kwa mikono miwili. Mwenyewe hupiga goti moja juu ya fremu akasukuma ardhi kwa mguu wa pili. Mwinuko ukija hushuka akakikokota, na mteremko ukija hukiachia kikateremka na mamia ya kilo ya mkaa, viazi au kabichi. Watu wa Goma wamekitukuza kwa kukisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu penye mzunguko wa barabara, heshima ambayo, kwa rai yangu, kinaistahili kuliko wakubwa wengi walioipata duniani.

Jambo ambalo kijana wa Uvira angefaa kuliazima kwa mafundi wa chukudu, kabla ya jambo jingine lolote, ni ukubwa wa gurudumu. Vijana wa miji yenye lami, huko Kolombia na Brazili, hufunga beringi tupu zikawa ndizo magurudumu. Beringi ya namba 6202, ambayo fundi wa pikipiki anaijua vema, ina kipenyo cha milimita 35 kwa nje na 15 kwa ndani, na gololi zake huifanya izunguke kwa wepesi wa ajabu. Juu ya lami hupiga makelele na kukimbia mno. Walakini gurudumu likutanapo na jiwe sharti lilipande ndipo lipite, na jiwe ambalo kimo chake kimefikia nusu ya kipenyo cha gurudumu halipandiki kabisa. Kwa hiyo kokoto ya milimita 18 tu, na mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 yaliteremsha mawe makubwa kuliko hiyo maradufu kwa maradufu, inatosha kukisimamisha kigari ghafula na kumrusha mpandaji mbele. Beringi basi na ikae ndani ya gurudumu, si mahali pake. Mbao mbili nyembamba zigandishwe pamoja, nyuzi za moja zikikingama na za pili ili zisipasuke, zikatwe duara la sentimita 25 au 30, na katikati litobolewe tundu linaloibana beringi barabara. Kisha ukingo uvishwe ukanda wa tairi kwa misumari mifupi.

Kwa ubao wa kukalia sina mengi ya kusema, ila kwamba mkaratusi uliokauka hupasuka upigiliwapo misumari, na kwamba tundu dogo la kekee kabla ya nyundo huondoa udhia huo.

Usukani ndio wenye hila. Desturi ni kuufunga mhimili wa mbele kwa bolti moja katikati, ukavutwa kwa kamba huku na huku. Ni njia nyepesi, lakini mhimili ukigeuka sana, gurudumu la ndani huingia chini ya kigari, msingi wa kukisimamisha ukawa mwembamba, nacho kikapinduka. Magari ya farasi ya Ulaya yalikuwa na aibu hiyo hiyo, hata Georg Lankensperger wa Munich alipobuni, mnamo 1817, usukani ambao mhimili hutulia na kila gurudumu hugeuka peke yake. Hataza yake ilisajiliwa Uingereza mwaka uliofuata kwa jina la Rudolph Ackermann, na jina la wakala likashinda la mbunifu. Kijana asiye na vyuma vya kufanyia kazi hiyo atatosheka kupigilia vizuizi viwili vya mbao ili mhimili usigeuke kupita kiasi.

Baada ya usukani kuna suala la njia yenyewe. Huko Dayton, Marekani, mpiga picha wa gazeti aitwaye Myron Scott aliwakuta watoto wakishindana kwa vigari vyao mwaka 1933, akawaandalia mashindano. Yalipofika 1935 yalihamia Akron, ambako mwaka uliofuata ilijengwa njia maalumu ya mteremko. Wao walipewa njia isiyo na magari mengine. Njia za Uvira zina pikipiki, akina mama wenye beseni za ndagala, na mbuzi.

Hesabu ya mwendo haina huruma: kigari kilichoshuka kimo cha mita 5 tu, msuguano usipohesabiwa, hufikia takriban kilomita 36 kwa saa, mpandaji awe mnene au mwembamba, na mwendo ukiongezeka mara mbili, masafa ya kusimama huongezeka mara nne. Visigino haviwezi kazi hiyo, na viatu huisha upesi. Mwenye chukudu hufunga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, akakikandamiza kwa mguu; kigari kinataka vipande viwili hivyo juu ya mti mmoja unaokingama, ili magurudumu yote mawili ya nyuma yashikwe kwa pamoja na kigari kisipinde njia. Kazi hii na itangulie kiti, kwa kuwa kiti kikiwa tayari hapana kijana atakayengoja.