Ukipunguza Ugali, Jua Kwanza Unatafuta Nini

Mtu mzima wa Bomani, hapa Tarime, akianza kula mboga bila ugali, nyumbani wataulizana kama anaumwa. Wana haki ya kuuliza. Kwa Wakurya, kama ilivyo kwa majirani zao Wajaluo, chakula ni ugali, na vingine vyote ni vya kuusindikiza. Mgeni anayesogeza tonge pembeni humwacha mwenyeji na wasiwasi. Anayepunguza wanga katika mji huu basi huwa na sababu, na ninavyoona mimi, sababu hiyo ndiyo inayopaswa kuamua apunguze kiasi gani na chini ya uangalizi wa nani. Wengi hufanya kinyume: wanachukua mlo wa mtu mwingine mzimamzima, kisha ndipo wanatafuta sababu ya kuushika.

Gumzo la kupunguza wanga kwa Tanzania limekuzwa sana na Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika. Maneno yake kuhusu sukari, wanga na idadi ya milo yamefika hadi vijiweni. Na tatizo analolisemea lipo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari.

Tuutazame ugali wenyewe. Mwanaume mwenye njaa humaliza bila shida ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga wa mahindi. Humo mna wanga wa gramu 150 hivi, uzito ulio sawa na vijiko 30 vya chai vya sukari. Tumboni wanga huo huvunjwa kuwa glukosi na kuingia kwenye damu, na kongosho hutoa insulini ili glukosi iingie kwenye misuli na ini. Kwa aliyelima Nyandoto tangu alfajiri, misuli inaipokea kwa pupa. Kwa aliyekaa ofisini au kwenye pikipiki mchana kutwa, ghala limeshajaa, na ziada hugeuzwa mafuta. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, na ni bora, lakini wanga wake haupungui kwa kiasi cha kumruhusu mtu ajaze sahani. Unga wa muhogo ndio karibu wanga mtupu.

Sababu yenye uzito kuliko zote ni kisukari cha ukubwani. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kilieleza kwamba kati ya mitindo yote ya kula, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari kwenye damu. Hapa pia ndipo penye hatari. Mtu anayechoma insulini, au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi, akikata ugali ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka mno: jasho jembamba, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Dozi hupangwa upya na daktari kwanza, sahani hufuata.

Baada ya mgonjwa wa kisukari, wa pili ni anayetaka kupunguza tumbo. Huyu hufurahi wiki ya kwanza, mizani ikishuka haraka, halafu anakata tamaa inapogoma. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli pamoja na maji, kila gramu moja na maji ya gramu 3 hivi. Akiba ikiisha, maji hutoka. Kilo za mwanzo kwa sehemu kubwa ni hayo, na mafuta hufuata polepole. Maji hayo yakitoka, presha nayo inaweza kushuka, kwa hiyo anayetumia dawa za presha akiona kizunguzungu anaposimama asikipuuze.

Nimesikia pia hoja ya asili: wafugaji waliishi kwa maziwa, nyama na damu, wakawa imara. Ina ukweli ndani yake. Mwaka 1931 watafiti Orr na Gilks waliwalinganisha Wamasai na Wakikuyu nchini Kenya, wakakuta Wamasai ni warefu na wazito zaidi. Mwaka 1964 mtafiti George Mann na wenzake, baada ya kuwapima Wamasai wa Tanganyika, waliripoti lehemu ya chini licha ya maziwa yote yale. Lakini uchunguzi wao wa baadaye wa mioyo ya marehemu, uliochapishwa mwaka 1972, ulikuta mafuta yameganda kwenye mishipa, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana. Watu wale walikuwa wakitembea mwendo mrefu kila siku. Huwezi kuchukua nyama yao ukaacha miguu yao. Na Mkurya wa zamani alikula nyama na maziwa, ndiyo, ila alilima ulezi na mtama pia.

Jiko la Tarime halihitaji kununua chochote cha ajabu. Dagaa na sato wa Ziwa Victoria, mayai, maziwa mgando yasiyotiwa sukari, nyama ya kichuri, mgagani, mnavu, sukuma wiki, parachichi. Kinachohitajika ni kugeuza uwiano: mboga ijae, ugali uwe kama ngumi moja, na chai isiwe na sukari. Gharama ndiyo kikwazo cha kweli, kwa sababu unga hushibisha familia nzima kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia. Kwa hiyo mzazi anayejipunguzia asiwapunguzie watoto, wala mjamzito, wala mgonjwa wa kifua kikuu anayehitaji kurudisha uzito. Hao wana sababu ya kula zaidi.

Kabla ya kubadilisha chochote, nenda kapime sukari asubuhi kabla hujala. Ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, rudi upime tena, umwone daktari, na umpelekee dawa zako zote azione.